Uhalifu na Adhabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wahusika na maamuzi yao

Maswali haya ni yale ambayo wasomaji wa riwaya kubwa ya Fyodor Dostoevsky huyarudia kila inapozungumzwa, iwe darasani au kwenye vikundi vya kusoma. Majibu yanafichua hadithi yote hadi mwisho. Asiyependa kujua mapema aisome kwanza, kisha arudi hapa.

## Mambo ya mwanzo

1. Riwaya hii inahusu nini, kwa kifupi?

Rodion Raskolnikov, kijana aliyeacha masomo ya sheria kwa kukosa fedha, anaishi Saint Petersburg, Urusi, katika chumba kidogo cha darini. Siku moja ya Julai yenye joto kali anamuua kwa shoka Alyona Ivanovna, bibi kizee anayekopesha watu fedha kwa rehani. Papo hapo anamuua pia Lizaveta, mdogo wake bibi huyo kwa baba mmoja. Mauaji yanakwisha mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Sehemu tano zinazofuata pamoja na tamati zinaonyesha yaliyompata muuaji na watu waliomzunguka. Ilichapishwa kwa mfululizo mwaka 1866 katika jarida la Russky Vestnik.

2. Kama muuaji tunamjua tangu mwanzo, upelelezi uko wapi?

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na hadithi za Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla, amezoea kuonyeshwa maiti kwanza, kisha amfuate mpelelezi na kiko chake hadi karibu na mwisho ndipo muuaji ajulikane. Dostoevsky ameupindua mpangilio huo. Muuaji tunamjua, silaha tunaijua, na hata idadi ya hatua kutoka chumbani kwake hadi kwa bibi wa rehani tumepewa: hatua 730.

Kinachotafutwa ni sababu. Raskolnikov mwenyewe anatoa sababu moja leo na kesho anaikana. Anapomsimulia Sonya, binti wa mlevi aitwaye Marmeladov, anataja njaa, anataja mama yake, anamtaja Napoleon, halafu anazifuta zote na kusema aliua kwa ajili ya nafsi yake tu. Kwa hiyo msomaji ndiye anayebebeshwa kazi ya mpelelezi.

3. Majina ya Kirusi yananichanganya. Nifanyeje?

Kila Mrusi ana jina lake, jina linalotokana na la baba, na jina la ukoo, tena kuna majina ya kudekeza. Rodion Romanovich Raskolnikov ndiye huyo huyo Rodya. Avdotya Romanovna, dada yake, ndiye Dunya. Sofya Semyonovna Marmeladova ndiye Sonya. Waandike kwenye karatasi unaposoma sura za kwanza. Baada ya hapo utawatambua kwa sauti zao.

## Raskolnikov na uamuzi wake

4. Je, aliua kwa sababu ya umaskini?

Umaskini upo na mwandishi haupunguzi. Mama anaishi kwa pensheni ya rubli 120 kwa mwaka na bado anakopa ili amtumie mwanawe. Dada yuko tayari kuolewa na mtu asiyempenda ili kaka amalize chuo. Barua ya mama inayoeleza hayo yote, katika sura ya tatu, inauma kuliko mahubiri yoyote kuhusu ufukara.

Lakini tazama walio pembeni yake. Razumikhin, rafiki yake, naye ameacha chuo kwa kukosa fedha, anavaa matambara, anaishi kwa kufasiri maandishi na kufundisha watoto wa watu. Anamgawia Raskolnikov sehemu ya kazi ya tafsiri pamoja na rubli tatu za malipo, na Raskolnikov anazipokea, anatoka, kisha anarudi kuziweka mezani bila kusema neno. Sonya hana hata chakula cha wadogo zake. Katerina Ivanovna, mama yake wa kambo, anatema damu kwa kifua kikuu. Wote hao ni maskini kuliko yeye au sawa naye, na hakuna aliyeshika shoka.

Mwandishi amewapanga hivyo kwa makusudi. Ukitaka kumtetea Raskolnikov kwa hoja ya njaa, kila ukurasa una mtu mwenye njaa anayekukatalia.

5. Nadharia yake ya "watu wa pekee" inasema nini hasa?

Kabla ya mauaji alikuwa ameandika makala kuhusu uhalifu, nayo ikachapishwa. Humo anawagawa binadamu mafungu mawili. Wapo wa kawaida, ambao kazi yao ni kuzaana na kutii. Wapo wachache wenye neno jipya la kuleta duniani, na hao wana haki, ndani ya dhamiri zao, ya kuruka mpaka wa sheria na hata wa damu ikiwa jambo lao linadai hivyo. Mfano wake mkubwa ni Napoleon, aliyemwaga damu ya maelfu na akajengewa masanamu.

Hatari ya hoja hii ni kwamba haina ujinga wa wazi. Historia kweli imewapa heshima wauaji wengi. Udhaifu wake unaonekana pale unapouliza: nani anaamua mtu yuko fungu lipi? Kwa Raskolnikov, njia pekee ya kujua ni kujaribu. Aliua ili ajipime. Bibi wa rehani alikuwa mtihani tu, na hapo ndipo ninapoona uovu wenyewe: mtu mzima, mwenye pumzi na hofu zake, amefanywa swali la mtihani wa mtu mwingine.

6. Aliamua kuua lini?

Ukisoma haraka utadhani aliamua siku ile aliyochukua shoka. Ukirudi nyuma utaona uamuzi ulijengeka kidogo kidogo, na kila kipande kingeweza kukataliwa.

Wiki kadhaa kabla alikaa hotelini akawasikia mwanafunzi na ofisa mmoja kijana wakizungumza kuhusu bibi yule yule. Mwanafunzi anapiga hesabu: kifo kimoja, kisha fedha zake ziokoe maisha ya mamia. Ofisa anamuuliza kama angemuua yeye mwenyewe. Mwanafunzi anajibu la, anazungumzia haki tu. Mazungumzo yanaishia hapo, wanaendelea na mambo yao. Raskolnikov peke yake ndiye aliyeondoka na hesabu ile kichwani.

Baadaye anakwenda kwa bibi kuweka rehani saa ya baba yake, huku macho yake yakipima vyumba na kusikiliza mlio wa funguo. Halafu inakuja ndoto ya jike la farasi (tazama swali la 8), anaamka akitetemeka, anaukana mpango wote na kumwomba Mungu amwonyeshe njia. Wakati huo yuko huru kabisa. Akirudi nyumbani anapita njia ya kuzunguka, bila sababu, kupitia soko la Sennaya, na hapo anamsikia Lizaveta akialikwa na wachuuzi kwa kesho yake, karibu saa moja jioni. Maana yake bibi atakuwa peke yake. Tangu hapo msimulizi anamwonyesha kama mtu ambaye upindo wa nguo yake umenaswa na gurudumu la mashine.

Kwangu mimi uamuzi wenyewe uko kwenye sindano. Anaketi anashona kitanzi ndani ya koti, chini ya kwapa la kushoto, cha kutundikia shoka lisionekane. Anafunga kipande cha ubao na bati kwenye karatasi kwa mafundo mengi, ili kionekane kama kikebe cha sigara cha kuweka rehani, na bibi achelewe kukifungua. Wakati anashona, akili yake bado inamwambia hatafanya. Mikono ilikuwa imeshaamua.

7. Lizaveta yumo kwenye hadithi kwa kazi gani? Mbona wahakiki wengi humpita haraka?

Humpita haraka kwa sababu hata Raskolnikov anampita. Kuna mahali anajiuliza kwa mshangao kwa nini hamfikirii kabisa, kana kwamba hakumuua yeye. Msomaji asifanye hivyo hivyo.

Mpango wote ulijengwa juu ya Lizaveta kutokuwepo. Lakini Raskolnikov alisahau kufunga mlango. Alipokuwa chumba cha ndani anapekua sanduku, akasikia nyayo. Akatoka, akamkuta Lizaveta amesimama katikati ya chumba na furushi mkononi, anamtazama dada yake aliyelala kwenye damu, hana nguvu ya kupiga kelele. Alipomwona na shoka alirudi nyuma hadi kwenye kona. Hakuinua hata mkono kuukinga uso. Alinyoosha tu mkono wa kushoto kidogo mbele, kama wa kumsukuma. Alyona alikuwa amepigwa kwa upande butu wa shoka. Lizaveta alipigwa kwa makali.

Ile nadharia ilikuwa na maneno mengi kuhusu bibi aliyeitwa chawa. Haikuwa na hata neno moja kuhusu mwanamke mpole anayeuza nguo kuukuu, anayetaja bei ya haki, anayepigwa na dada yake na kumtumikia usiku na mchana, na ambaye, kama Nastasya mtumishi anavyomkumbusha Raskolnikov akiwa mgonjwa kitandani, alikuwa amewahi kumshonea shati lake. Hapo ndipo hesabu ya hotelini ilipoanguka. Mtu akishajipa ruhusa ya kumuua anayestahili kwa maoni yake, haipiti dakika chache anamuua asiyestahili, kwa sababu amemwona tu.

Tena Lizaveta haondoki. Agano Jipya ambalo Sonya anamsomea Raskolnikov habari za Lazaro, mtu aliyefufuliwa na Yesu, liliwahi kuletwa na Lizaveta. Wanawake hao wawili walikuwa marafiki, wakisoma pamoja. Msalaba wa shaba anaouvaa Sonya ni wa Lizaveta. Na siku Raskolnikov anapomfunulia Sonya kwamba yeye ndiye muuaji, Sonya anarudi nyuma na kunyoosha mkono wa kushoto, na Raskolnikov anauona uso wa Lizaveta ndani ya uso wa Sonya. Ukitaka kujua dhamiri inafananaje katika kitabu hiki, ina sura ya mwanamke huyo.

8. Mtu mwenye huruma kiasi kile aliwezaje kuua?

Huruma yake ni ya kweli. Anaacha senti zake dirishani kwa akina Marmeladov, jamaa ya Sonya. Marmeladov anapokanyagwa na gari la farasi na kufa, anampa mjane rubli 20, karibu zote alizokuwa nazo. Katika ndoto ana miaka saba, anamwona mlevi Mikolka akimpiga jike la farasi hadi kufa, na yeye anakimbia kuukumbatia mdomo wenye damu.

Lakini angalia tukio la barabarani katika sura ya nne. Anamwona msichana mdogo amelewa, nguo zimechanika, na bwana mmoja mnene anamnyemelea. Raskolnikov anamwita polisi, anatoa kopeki 20 za kumkodia gari apelekwe kwao. Dakika haijapita anamgeukia polisi huyo huyo na kumpigia kelele amwache, kwani inamhusu nini? Fedha zimekwenda, na moyo umefungwa. Moyo unapotangulia anasaidia, fikra zikija nyuma yake zinamwambia idadi fulani ya wasichana lazima wapotee kila mwaka, asihangaike. Alipokwenda kwa bibi na shoka alikuwa ameziacha fikra zitangulie.

9. Zile fedha alizifanyia nini?

Hakuzifanyia chochote. Alizificha chini ya jiwe katika ua mmoja bila kuzihesabu. Mahakamani ndipo ilipojulikana kuwa kwenye mkoba mlikuwa na rubli 317 na kopeki 60. Tena kwenye mtoto wa meza wa bibi zilibaki rubli 1,500 ambazo hakuziona kabisa. Watu wazima wa mahakama hawakuamini kwamba mtu anaweza kuua wawili kisha asijue alichoiba. Jambo hilo lilimsaidia kwenye hukumu.

## Wanaomzunguka

10. Sonya naye anafanya ukahaba. Vipi awe kipimo cha maadili?

Sonya mwenyewe hajiiti kipimo, na hili ndilo la kwanza kulielewa. Usiku wa kwanza alirudi nyumbani, akaweka rubli 30 mezani mbele ya mama yake wa kambo, hakusema neno, akajifunika shali kichwa na uso, akalala ameelekea ukutani huku mabega yakitetemeka. Katerina Ivanovna, ambaye ndiye aliyemsukuma kwa maneno makali, alipiga magoti akakaa hivyo jioni nzima akimbusu miguu.

Raskolnikov anamwambia kwamba wao wawili ni sawa, wote wameruka mpaka, yeye pia ameharibu maisha: ya kwake mwenyewe. Hoja inavutia lakini inaficha tofauti kubwa. Sonya amelipa kwa mwili wake mwenyewe, Raskolnikov amelipa kwa damu ya wengine. Tena Sonya haiiti dhambi yake jina zuri. Hakuandika makala ya kuihalalisha.

Wapo wasomaji, hasa wanawake, wanaochoshwa na hadithi zinazomtaka msichana ajitoe mhanga ili mwanamume apate wokovu. Lalamiko hilo lina uzito. Dostoevsky anampa Sonya nguvu nyingi na maneno machache mno.

11. Luzhin hajaua mtu. Mbona anachukiza kuliko muuaji?

Kwa sababu uovu wake hauvunji sheria hadi siku moja tu, na hata siku hiyo alitegemea sheria imlinde. Pyotr Luzhin ni mwanasheria mwenye fedha, ana miaka 45, anataka kumwoa Dunya. Anamtaka mke maskini ili amwone mumewe mfadhili maisha yote. Raskolnikov anapomkatalia, Luzhin anamwita Sonya, anampa rubli kumi kwa upole, na kwa siri anamtia noti ya rubli 100 mfukoni. Kisha anaingia kwenye karamu ya matanga ya Marmeladov, mbele ya wageni wote, na kumtangaza mwizi.

Alitaka mama na dada wa Raskolnikov waamini kijana wao anashirikiana na mwizi. Maisha ya Sonya yangeishia jela kwa ajili ya ugomvi wa posa. Mnyonge kufanywa ngazi ya mwenye nguvu: ndiyo fikra ile ile ya swali la 5, ila Luzhin hakuhitaji Napoleon wala homa.

12. Nani alimwokoa Sonya siku hiyo?

Lebezyatnikov, mtu ambaye riwaya nzima imemcheka. Ni mpayukaji wa nadharia mpya, na kwa maelezo ya Marmeladov aliwahi kumpiga Katerina Ivanovna. Lakini alikuwa ameiona noti ikitiwa mfukoni, akadhani ni sadaka ya siri. Alipoona inageuzwa mtego alisimama mlangoni na kumwita mwongo Luzhin, aliyekuwa mgeni nyumbani kwake, mbele ya watu wote. Nampenda Dostoevsky kwa tukio hili. Mtu mpumbavu, mwenye makosa yake, alipewa nafasi moja ya kusema kweli na akaisema.

13. Svidrigailov ni mwema au mwovu?

Huyu ni bwana ambaye Dunya aliwahi kufanya kazi nyumbani kwake. Ameshukiwa kifo cha mkewe, kuna habari za msichana aliyejiua kwa sababu yake, na amesikiliza kwa raha, akiwa ameketi kitini nyuma ya mlango, Raskolnikov alipomfunulia Sonya siri. Mtu huyo huyo anawalipia yatima wa Katerina Ivanovna watunzwe, na anampa Sonya hati za rubli 3,000.

Anamfungia Dunya chumbani akiwa na nia mbaya. Dunya anatoa bastola, anafyatua, risasi inamparuza kichwani. Anafyatua tena, haitoki. Svidrigailov anamsubiri aitengeneze. Dunya anaitupa. Anamuuliza kama hampendi, wala hataweza kamwe, naye anajibu kamwe. Anauweka ufunguo mezani, anageukia dirishani, anamwambia aondoke haraka. Alfajiri iliyofuata alijipiga risasi mbele ya mlinzi mmoja, baada ya kumwambia anasafiri kwenda Amerika.

Raskolnikov anamwogopa kwa sababu anaona mwisho wa njia yake mwenyewe: mtu ambaye kweli ameruka mipaka yote, na hakukuta ukuu upande wa pili. Amekuta uchovu. Wema wake wa mwisho ni wa kweli kwa yatima walioupokea, lakini yeye haukumgusa.

14. Kwa nini Porfiry hakumkamata alipojua?

Hakuwa na ushahidi wa kushika mkononi. Lakini sababu ya pili ni nzito zaidi. Porfiry Petrovich, mpelelezi wa kesi, alisoma ile makala na kuipenda kwa moto wake. Anakwenda mwenyewe chumbani kwa Raskolnikov, anamwambia waziwazi kuwa yeye ndiye aliyeua, kisha anampa siku moja na nusu au mbili ajisalimishe ili hukumu ipungue. Ana hakika hatatoroka, maana hana tena imani na nadharia yake na kokote atakakokwenda ataichoka.

Usimfanye malaika. Mikutano yake ya awali na Raskolnikov ni ya kumtesa akili kwa makusudi. Hata hivyo mwisho alichagua kumwachia mtuhumiwa nafasi ya kuamua.

## Kukiri na adhabu

15. Alikiri ilhali hakuna ushahidi. Alilazimishwa na nini?

Sonya alimwambia aende njia panda, ainame, aibusu ardhi aliyoichafua, na awaambie watu wote kwa sauti kwamba ameua. Alikwenda Sennaya, akapiga magoti katikati ya uwanja, akaibusu ardhi. Watu wakacheka: huyu amelewa, huyu anakwenda Yerusalemu. Maneno yakamkwama kooni.

Akapanda ngazi za kituo cha polisi. Luteni Ilya Petrovich akampokea kwa maongezi mengi, na katikati ya maongezi akataja kwamba Svidrigailov amejiua. Mtu aliyeisikia siri nyuma ya mlango ametoweka. Raskolnikov akageuka, akashuka ngazi, akatoka hadi uani bila kusema lolote. Angeweza kwenda zake. Sonya alikuwa amesimama pale karibu na mlango, amekauka kwa weupe, akapiga viganja kwa kukata tamaa. Raskolnikov akasimama kidogo, akatabasamu kwa uchungu, akapanda tena.

Hakuna aliyemshika mkono. Ngazi zile, kushuka na kupanda, ndizo tendo huru kuliko yote aliyoyafanya kwenye riwaya.

16. Je, alitubu kweli?

Wakati wa kukiri, hapana. Alihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu Siberia, na huko kwa muda mrefu aliona kosa lake ni moja tu: kwamba hakustahimili akajisalimisha. Wafungwa wenzake walimchukia. Sonya aliyemfuata walimpenda, wakimwamkia kwa heshima ya mama.

Mabadiliko yanakuja baada ya ugonjwa na ndoto mbaya ya ulimwengu ulioshikwa na tauni, ambamo kila mtu anaamini yeye peke yake anaijua kweli, na wote wanauana. Hiyo ni nadharia yake ikiwa imeenea kwa kila mtu. Baada ya hapo, asubuhi moja kando ya mto, anajikuta miguuni pa Sonya analia.

Wahakiki wengi huona tamati hiyo imeharakishwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu mwandishi anasema wazi kuwa maisha mapya hayakupewa bure na bado yatalipiwa kwa gharama kubwa. Imebaki miaka saba ya kifungo.

17. Kitabu kimejaa Injili. Msomaji Mwislamu atakipokeaje?

Imani ya mwandishi ni ya Kikristo cha Kiorthodoksi, na haifichi. Lakini swali lake linaeleweka kwa Mwislamu bila kutafutiwa fasiri: haki ya mja haisameheki kwa kumwomba Mungu tu, sharti irudishwe kwa mwenyewe au aridhie. Raskolnikov ana wenye haki wawili, na wote ni marehemu. Anaweza kutumikia kifungo hadi siku ya mwisho na bado asimpate Lizaveta wa kumwomba radhi. Mtu yeyote aliyefundishwa uzito wa haki za watu ataliona hilo likiwa ndani ya kila sura.

18. Mwandishi aliyajua haya kwa kusikia au kwa kuyaona?

Dostoevsky alikamatwa mwaka 1849 kwa kushiriki kundi lililosoma na kujadili maandishi yaliyopigwa marufuku. Alihukumiwa kifo, akapelekwa uwanjani pamoja na wenzake Desemba mwaka huo, na mbele ya bunduki ndipo ikasomwa amri ya kubadilisha adhabu. Alitumikia miaka minne ya kazi ngumu Omsk, Siberia, akilala chumba kimoja na wauaji.

## Maswali ya pembeni

19. Kwani bibi wa rehani hakustahili? Alikuwa mnyonyaji.

Swali hili huulizwa kwa nguvu siku hizi, na naelewa sababu: aliyewahi kukopa mikopo ya kausha damu anamjua Alyona kwa sura. Alimtoza Raskolnikov kopeki kumi kwa kila rubli kwa mwezi, tena akazikata mbele, hivyo saa ya baba yake ikamletea rubli moja na kopeki 15 tu.

Mwandishi hakumpa hata tabia moja ya kupendeza, na ni kwa makusudi. Angemfanya mwema, kila msomaji angeona ni kosa kumuua bila kufikiri. Kwa kumfanya mchoyo anatulazimisha tujibu kama haki ya kuishi hutegemea kupendwa. Na ukijibu kwamba alistahili, bado mlango uko wazi, na Lizaveta anaingia.

20. Nikolai, yule mpaka rangi, alikirije mauaji ambayo hakuyafanya?

Alikutwa na hereni zilizodondoshwa na muuaji, akaogopa akataka kujinyonga, na baadaye akajitangaza muuaji. Porfiry anaeleza kuwa kijana huyo ametoka katika jamii ya washika dini wa zamani, wanaoamini ni jambo jema kupokea mateso. Amewekwa pale amkabili Raskolnikov: asiye na hatia anakimbilia adhabu, mwenye hatia anaikwepa, na kwa siku chache Raskolnikov alikuwa na nafasi ya kumwacha mwingine afungwe kwa niaba yake.

21. Kwenye insha, nimwite Raskolnikov mhusika duara?

Ndiyo, lakini usiishie hapo. Onyesha anabadilika wapi na kwa tendo gani: ngazi za swali la 15 ni ushahidi bora kuliko kusema "alijuta". Luzhin ni bapa, yaani habadiliki, na Lebezyatnikov alionekana bapa hadi siku ya matanga.

22. Sina muda wa kitabu kizima. Nisome sura zipi?

Soma sehemu ya kwanza yote, ni sura saba. Kisha sehemu ya tatu sura ya 5 kwa mjadala wa makala, ya nne sura ya 4 kwa Lazaro, ya tano sura ya 3 na ya 4 kwa noti ya Luzhin na ufunuo kwa Sonya, ya sita sura ya 2 kwa Porfiry na sura ya 8 kwa kukiri. Usiruke sura ya pili ya mwanzo kwa kuona ni mlevi tu anapiga porojo. Yule mlevi ni Marmeladov, na bila yeye hutamwelewa Sonya.